Mbegu Ikishaota, Usiikawize Kwenye Kitambaa

Mvua za masika zikikaribia, wakulima wengi wa Kisumu, Vihiga na Nakuru huotesha mbegu nyumbani kwanza, kwenye kitambaa chenye unyevu au tishu ndani ya mkebe. Ni njia nzuri, hasa kwa mbegu za bei kama papai au nyanya chotara, kwa kuwa unajua mapema zipi zina uhai. Malalamiko huja baadaye: “Ziliota zote, lakini nilipozitia udongoni zikafa.” Lawama huenda kwa aliyeuza mbegu. Mara nyingi mbegu haikuwa na kosa, ila ilihamishwa ikiwa imechelewa.

Kinachotoka kwanza ni mzizi. Ukifika nusu sentimita hivi, hamisha siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka uone majani, mzizi utapenya nyuzi za kitambaa, na ukiuvuta ncha itakatika. Ncha ndiyo inayokua. Tena chipukizi lililofichwa gizani hurefuka likitafuta mwanga na kumaliza akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu, kwa hiyo linaingia udongoni likiwa jembamba, jeupe na dhaifu. Kama mzizi umeshanasa, usibishane nao. Kata kipande hicho cha tishu uzike pamoja nacho, kitaoza.

Jambo jingine linalopoteza mbegu nzima nzima: mzizi mchanga huota vinyweleo vyeupe, na watu huvidhani ukungu wakatupa mbegu. Nyunyizia maji kidogo. Vinyweleo vya mzizi hulala na karibu kutoonekana, navyo huzunguka mzizi peke yake. Ukungu wa kweli hutambaa juu ya ganda na kitambaa, tena hunuka uvundo.

Lowesha udongo kabla ya kupanda, si baada, maana maji ya kumwagwa huzika au kufukua chipukizi. Toboa kishimo kwa kijiti, shika mbegu kwenye ganda na kamwe usishike mzizi, elekeza ncha chini, kisha funika kwa udongo laini wenye kina cha mara 2 au 3 ya unene wa mbegu. Usishindilie.

Udongo wenyewe ndipo penye kazi. Ule mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, hushika maji mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwa hiyo usiutumie peke yake kitaluni. Changanya makarai 3 ya udongo wa juu, 2 ya samadi iliyooza kabisa na 1 la mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kuna pia kinyausi, ugonjwa unaofanya shina lilainike pale linapogusana na udongo, mche ukaanguka usiku mmoja. Unaletwa na vimelea vya udongoni, nao hustawi penye maji mengi na miche iliyosongamana. Hakuna dawa itakayouinua mche ulioanguka. Kinga yake ni kupanda kwa nafasi, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kutotumia udongo wa mahali palipokuwa na nyanya, pilipili au viazi. Mwenye nafasi aloweshe udongo wa kitalu, aufunike kwa nailoni angavu na kuuacha juani wiki 4 hadi 6. Januari na Februari jua la Kisumu linafaa sana kwa kazi hiyo.

Si kila mbegu inahitaji kitambaa. Karoti ipande moja kwa moja shambani, kwani mzizi wake ukiguswa hugawanyika. Maharagwe yakiloweshwa muda mrefu hukosa hewa na kuoza. Mbegu ya papai isugue kwa majivu mpaka ule utando wa utelezi utoke, kwa sababu unazuia kuota. Hata hivyo itachukua wiki 2 hadi 4, basi usiifukue kuichungulia. Mbegu ya saga, mboga ya kienyeji, iliyovunwa juzi huota vibaya mpaka ikae miezi kadhaa. Ya mrenda ina ganda gumu: itie kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa sekunde chache tu, kisha uihamishie kwenye maji baridi. Mbegu ya managu, yaani mnavu, ni ndogo mno. Ichanganye na mchanga mkavu, uisie kwenye mistari.

Msihesabu siku kwa kulinganisha na jirani wa mbali. Nyanya inayoota Kisumu kwa siku 5 hadi 7 inaweza kuvuka siku 10 kule Njoro, kaunti ya Nakuru, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wa baridi.

Miche ya nyanya na sukuma wiki hutoka kitaluni baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa na majani halisi 4 au zaidi. Wiki moja kabla, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili ikomae. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Nyanya izike shina mpaka karibu na majani ya chini, kwani shina hilo hutoa mizizi mipya; sukuma ipande kwa kina kile kile ilichokuwa nacho. Kama shamba lina sota, wale viwavi wakatao miche usiku, zungushia kila shina pete ya karatasi ngumu iliyoingia udongoni sentimita 2 au 3, na asubuhi fukua kando ya mche wowote uliokatwa: sota atakuwa amejikunja papo hapo, karibu na shina, umwue.