Mtoto anaharisha na kutapika: ni meno au ni virusi?

Swali: Mwanangu wa miezi minane anaharisha na kutapika tangu jana. Mama mkwe anasema ni meno. Ni kweli?

Jibu: Mama mkwe asiudhike, lakini meno hayana kosa. Mtoto wa umri huo anatambaa, kila anachookota anakitia mdomoni, na kinga aliyotoka nayo tumboni imepungua. Mara nyingi chanzo ni virusi, hasa vya rota au noro.

Swali: Majirani hapa Manyatta, Kisumu, wanasema mimi ni mchafu.

Jibu: Waache waseme. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani aliambukizwa rota kabla hajafikisha miaka 5, maskini kwa tajiri. Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, kwa watoto wa mji wenye maji safi ya mfereji. Shirika la Afya Duniani hukadiria visa bilioni 1.7 hivi vya watoto kuharisha kila mwaka, ukijumlisha vijidudu vya kila aina. Kunawa mikono kwa sabuni kunasaidia sana, ila hakumalizi kazi.

Swali: Chanjo ipo?

Jibu: Ya rota ipo. Kenya iliianza Julai 2014, na watoto wa Siaya walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya rota kabla ya hapo. Ni matone ya mdomoni, kuanzia wiki ya 6. Noro bado haina.

Swali: Duka la dawa waliniuzia antibiotiki.

Jibu: Haiui virusi. Kinachomaliza mtoto ni kuishiwa maji, kwa hiyo mpe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Soma pakiti ya ORS kwanza: nyingine ni ya nusu lita, nyingine ya lita nzima. Ukikisia, unaharibu. Mnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Ziwa usimnyime.

Swali: Nitajuaje hali imekuwa mbaya?

Jibu: Gusa utosi uone kama umebonyea. Tazama macho kama yameingia ndani, kama analia bila machozi, kama nepi imekaa kavu kwa saa nyingi. Finya ngozi ya tumbo kidogo uiachilie. Ikirudi polepole, au mtoto amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, usingoje kuche. Tafuta boda usiku huohuo, na chupa ya ORS uende nayo.