Jina lako liwe wazi, namba yako isiwe

Jumamosi moja ya mvua za vuli, binti mmoja kati ya wale ninaowasaidia kujifunza kuandika programu alinijia akiwa amekumbatia kompyuta yake. Akasema, "Dada, nataka kuifuta GitHub yangu." GitHub ni tovuti ambako wanaprogramu huweka na kuonyesha kazi zao, na mle ndani mlikuwa na kazi yake ya miaka miwili, pamoja na kikokotoo kizuri cha marejesho ya vikoba ambacho mimi mwenyewe nilishawaonyesha watu kazini. Nikamuuliza kulikoni. Mwanaume asiyemfahamu alikuwa akimwandikia kila usiku kwenye imeili yake binafsi. Imeili hiyo haikuwepo kwenye ukurasa wake, wala hajawahi kumpa mtu wa mtandaoni.

Nilifungua kazi yake moja, nikaenda kwenye badiliko la mwisho alilolipandisha, kisha nikaongeza .patch mwishoni mwa anwani ya ukurasa. Ukurasa ukageuka maandishi matupu. Mstari wa pili ulikuwa na jina lake kamili, na pembeni yake imeili ileile ya tangu sekondari, yenye jina la kwanza na mwaka wa kuzaliwa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza nani ameiweka pale. Aliiweka mwenyewe, siku ya kwanza aliposanidi Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, kwa kufuata maelekezo ya mwalimu.

Kazi yangu ya siku zote ni usalama wa mifumo kwenye taasisi ya fedha hapa Dar es Salaam, na mambo ya namna hii ndiyo mkate wangu. Git iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaotengeneza kernel, yaani kiini cha mfumo wa Linux, waliokuwa wakitumiana kazi kwa imeili. Kwao, badiliko lisilo na anwani ya mwandishi lilikuwa kama barua isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana kila badiliko hubeba jina na imeili, na likishapandishwa hadharani yeyote anaweza kuvisoma. Hakuna aliyedukua chochote.

Dawa yake ni ndogo, ila ina sehemu mbili na watu huishia kwenye ya kwanza. Kwenye mipangilio ya GitHub, upande wa imeili, kuna swichi ya kuficha anwani yako. Ukiiwasha unapewa anwani nyingine inayoishia na users.noreply.github.com. Chini yake kuna swichi ya kuzuia upandishaji wowote wenye anwani yako ya kweli. Washa zote mbili. Halafu rudi kwenye kompyuta yako uiambie Git itumie anwani hiyo mpya kwa amri ya git config --global user.email, kwa sababu swichi za tovutini haziigusi mashine yako. Mabadiliko ya zamani yanabaki na anwani ya zamani. Unaweza kuiandika upya historia nzima, lakini aliyekwisha kunakili kazi yako anayo nakala yake, na kila utambulisho wa badiliko unabadilika. Kwa binti huyu tuliamua kuiacha imeili ile ife taratibu: tulihamisha akaunti zake zote kwenye mpya, ile ya zamani tukaiacha ipokee matusi peke yake.

Nimeanza na Git kwa sababu inaonyesha shida ilipo hasa. Wasichana wanaoingia kwenye teknolojia huambiwa maneno mawili yanayogongana. Kwenye semina, asubuhi: jitangaze, weka kazi zako wazi, wanaoajiri wakuone. Nyumbani, jioni: mwanangu, usijianike. Na wote wawili wana hoja. Angela Oduor Lungati alikuwa mmoja wa waanzilishi wa AkiraChix, taasisi ya wanawake kwenye teknolojia jijini Nairobi, mwaka 2010, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi, taasisi nyingine ya teknolojia. Njia kama hiyo unaweza kuifuatilia kwa jina moja, na hilo ni mtaji. Lakini Pollicy, taasisi ya masuala ya data ya Kampala, ilipowahoji wanawake 3,306 katika nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kutoa matokeo mwaka 2020, asilimia 28 walisema wameshafanyiwa ukatili wa mtandaoni wa aina fulani. Mama anayesema usijianike hajatunga.

Ninachowaambia wadogo zangu ni kwamba jina na namba ya simu ni vitu viwili tofauti, tena kwetu sisi namba ndiyo hatari zaidi. Nchi nyingine ukiwa na namba ya mtu una namba tu. Hapa, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Andika namba ya mtu kwenye M-Pesa au Airtel Money kana kwamba unamtumia shilingi elfu moja, na kabla hujathibitisha jina lake linajitokeza. Ukighairi, hujatumia hata senti. Huduma hii iliwekwa kwa nia njema, watu wasipoteze pesa kwa kukosea tarakimu moja, na mimi sitaki iondolewe. Ila maana yake ni kwamba kila uliyempa namba umempa jina la kwenye kitambulisho. Jina hilo akiliingiza LinkedIn anapata ofisi yako, ofisi inampa mtaa, na picha ya sherehe ya kazini inampa sura.

Sasa fikiria CV ya msichana anayetafuta kazi ya kwanza. Nimeziona nyingi, nyingine zimepachikwa kwenye tovuti binafsi kwa fahari kabisa: namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, mtaa anaoishi, na siku hizi hata namba ya NIDA. Wengine hudhani kwamba wakiondoa tarehe ya kuzaliwa na kuiacha namba ya NIDA wamejificha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. CV ya hadharani inahitaji jina, kazi ulizofanya, na imeili ya kazi, basi. Mengine utayatoa ukishaitwa na mtu unayemjua, kwenye ofisi unayoijua.

Namba ya simu ikishajulikana pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa, tapeli ana karibu kila anachoulizwa mteja anapopiga simu huduma kwa wateja. Anachotafuta ni kuirudisha laini yako kwenye kadi nyingine iliyo mkononi mwake. Akipata wakala mzembe au mshirika, simu yako inapoteza mtandao ghafla, na zile namba za uthibitisho za benki na imeili zinaingia kwake. Kwa hiyo simu ikikaa bila mtandao ilhali ya mwenzako pembeni inapiga, usisubiri kesho. Azima simu, piga mtandao wako, kisha benki. Na akaunti zako kubwa, kwanza kabisa imeili, ziondoe kwenye uthibitisho wa SMS uziweke kwenye programu ya uthibitisho, ile inayobadilisha tarakimu sita kila sekunde 30. Hiyo inakaa ndani ya simu yenyewe, haipiti kwenye laini. Mara mojamoja piga pia *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuhusu laini ya pili ya kazi: ndiyo, uwe nayo, isajili kwa jina lako mwenyewe, kisha usiifungulie akaunti ya pesa. Hapo ndipo watu huharibu. Wananunua laini mpya "ya wateja", wanaifungulia pesa siku hiyohiyo, na jina linajitokeza vilevile. Kama wateja wanakulipa kwa simu, chukua Lipa Namba yenye jina la biashara. Na kama mawasiliano yenu yanaweza kupita Signal, programu ya kutumiana ujumbe, tangu Februari 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji badala ya namba.

Wadogo zangu huniuliza sana kama watumie jina la bandia, au la kiume. Mwanzoni mwa kazi yangu niliandika herufi za mwanzo za jina langu tu kwenye mabaraza ya wanaprogramu, na kwa miaka miwili niliitwa "kaka" na kujibiwa kwa heshima zote. Nilipoweka jina langu, majibu yakaanza kuja na "mrembo". Kwa hiyo simlaumu anayejificha. Lakini kazi niliyoifanya ile miaka miwili hakuna anayejua ni yangu, na siku ya kuomba cheo sikuweza kuionyesha. Ukitaka jina la kalamu, lichague siku ya kwanza na udumu nalo, liwe lako kama la ubatizo. Na ukiolewa, jina la kazi liache lilivyo. Sisi watu wa Tanga wengi tunabaki na majina ya baba zetu hata baada ya ndoa, kumbe bila kujua tumejiokoa na shida ya vyeti vyenye jina moja na kazi zenye jina jingine.

Picha ni hiari yako. Kama hutaki kuweka uso, iwe kwa dini, kwa haya au kwa uchovu tu, weka herufi za jina. Sijawahi kuona seva iliyokataa kuwaka kwa sababu hairidhiki na picha ya mhandisi.

Kinachoniudhi zaidi kuliko matapeli ni sisi wenyewe, tunaoendesha programu za kuwainua wanawake. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mkufunzi kwenye mafunzo ya wasichana, sitaitaja taasisi. Fomu ya kujiunga iliuliza namba ya simu, umri, makazi, hali ya ndoa na picha. Majibu yakaingia kwenye jedwali la mtandaoni lililofunguliwa kwa yeyote mwenye kiungo, na kiungo kikatupwa kwenye kundi la WhatsApp "ili kila mtu ahakiki jina lake". Wasichana zaidi ya hamsini. Ndani ya wiki moja wanne walishaanza kupigiwa usiku. Nilipolalamika niliambiwa kwamba wafadhili wanahitaji takwimu. Mfadhili anahitaji kujua ni wangapi, hana haja ya kujua wanalala mtaa gani.

Sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Taarifa zinakusanywa kwa lengo linalojulikana na haziendi nje ya lengo hilo. Kenya wana yao tangu 2019, na haikukaa kabatini: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizitoza faini shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Wapiga picha wa makongamano yetu wangeisoma hiyo.

Halafu kuna karatasi ya mahudhurio, ile inayozunguka mezani: jina, taasisi, simu, imeili, sahihi. Ikifika kwako ina namba za watu thelathini waliotangulia, na mtu wa nyuma yako anaipiga picha eti achukue mawasiliano. Mwezi uliopita ilinifikia kwenye warsha. Niliandika jina, nikaandika imeili ya kazi, safu ya simu nikapiga mstari. Kijana wa mapokezi akanifuata hadi kwenye chai.

"Dada, hujamaliza kujaza."

"Nimemaliza," nikamwambia.

Akaitazama karatasi, akanitazama, akaenda kumuuliza bosi wake. Hakurudi.