Skipu ni nani? Kalingi, Erzurum na kazi ya Dilşat Yıldız

Kwenye matokeo ya kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, timu haiandikwi kwa jina la nchi tu. Pembeni ya bendera ya Uturuki upande wa wanawake, kwa misimu kadhaa sasa, kumekuwa na jina moja: Yıldız. Ni Dilşat Yıldız, binti wa Erzurum aliyezaliwa 1996, na timu nzima inabeba jina lake kwa sababu yeye ndiye skipu. Asiyeujua mchezo huu atadhani skipu ni kapteni kama wa mpira wa miguu, yule anayevaa kitambaa mkononi na kusalimiana na mwamuzi kabla ya mechi. Kapteni wa mpira ukimtoa dakika ya 60, timu inaendelea kucheza. Kwenye kalingi, ukimtoa skipu umeing'oa akili ya timu katikati ya mechi.

Tuanze na uwanja wenyewe. Ni njia ndefu ya barafu, mita 45 hivi kwa urefu na upana usiofika mita 5. Kila upande kumechorwa duara ndani ya duara, lile kubwa likiwa na kipenyo cha mita 3.66, na mkusanyiko huo wa maduara huitwa nyumba. Timu ina watu 4 na mawe 8, kila mtu mawe mawili, na inapokezana na wapinzani jiwe kwa jiwe. Mchezaji hujisukuma kutoka kwenye kigingi, huteleza akiwa amepiga goti, jiwe likiwa mbele yake, kisha huliachia kabla halijavuka mstari. Jiwe ni la matale, lina uzito wa kati ya kilo 17 na 20, na yale yanayotumika Olimpiki hutokana na miamba ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Uskoti kisichokaliwa na watu. Mawe yote 16 yakishapita, raundi imeisha. Timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo pekee inayopata pointi, moja kwa kila jiwe lake lililolishinda jiwe bora la mpinzani. Mechi ya watu wanne ina raundi 10 na huchukua karibu saa tatu.

Sasa angalia skipu anasimama wapi. Wenzake watatu wako upande wa pili: mmoja anaachia jiwe, wawili wanalisindikiza na mafagio. Skipu yuko peke yake ndani ya nyumba, ameinamisha ufagio wake juu ya barafu kuonyesha mahali pa kulenga. Mahali hapo sipo jiwe litakapofikia. Jiwe huachiwa likiwa linazunguka polepole, na mzunguko huo hulifanya lipinde, wakati mwingine zaidi ya mita moja. Kwa hiyo skipu huonyesha sehemu tupu, pembeni, na kutegemea kwamba barafu itafanya yaliyobaki.

Na barafu hiyo si laini kama kioo. Kabla ya mechi hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda na kuacha vipele vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Kadiri mechi inavyoendelea vipele vinalika, njia inabadilika, na jiwe lililopinda sana raundi ya pili linaweza kunyooka raundi ya nane. Skipu anatakiwa kukumbuka kila mstari wa barafu umefanya nini tangu mwanzo. Kufagia nako kuna kazi yake: msuguano wa ufagio hupasha moto uso wa barafu, jiwe likaenda mbali zaidi na kupinda kidogo zaidi. Wafagiaji, kwa kuwa wako jirani na jiwe, ndio wanaojua lina kasi gani. Skipu, kwa kuwa analitazama likimjia usoni, ndiye anayejua linaelekea wapi. Hakuna upande wenye habari kamili, na jiwe linatumia sekunde ishirini na kitu tu kufika. Ndiyo maana kalingi ina kelele kiasi kile. Wale wanaopiga mayowe kwenye televisheni hawagombani, wanapeana taarifa.

Kelele lakini ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni hesabu. Timu inayocheza jiwe la 16, la mwisho kabisa la raundi, ina faida kubwa, na wachezaji huiita faida hiyo nyundo. Ukishapata pointi, nyundo inahamia kwa mpinzani raundi inayofuata. Hapo ndipo penye utamu wa mchezo. Chukua mechi iliyo sare, raundi ya 7, nyundo ni yako, na kwenye nyumba kuna jiwe moja tu la mpinzani. Unaweza kulipiga, jiwe lako likabaki, ukapata pointi moja. Shabiki mgeni atashangilia. Skipu mzoefu mara nyingi atafanya kinyume: atalipiga jiwe la mpinzani kwa nguvu ili yote mawili yatoke nje, nyumba ibaki tupu, raundi iishe bila pointi, na nyundo ibaki mkononi mwake kusubiri raundi ambayo inaweza kuleta mbili. Kuikataa pointi iliyo mezani, mbele ya taifa zima, kunahitaji moyo. Na ukikosa baadaye, wewe ndiye uliyeikataa.

Skipu kwa kawaida ndiye pia anayecheza mawe mawili ya mwisho. Anapoondoka kwenda kucheza, mchezaji wa tatu, ambaye ni makamu wake, anachukua nafasi kwenye nyumba na kumshikia ufagio. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyepanga raundi nzima, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, anatakiwa dakika moja baadaye atulize mwili na kuachia jiwe kwa wepesi wa vidole. Yote hayo saa ikihesabu: kila timu ina dakika 38 za kufikiri kwa mechi nzima ya raundi 10. Kocha haruhusiwi kumsemesha hovyo, zaidi ya nafasi chache zilizotengwa. Na mwamuzi karibu hana kazi, kwa sababu mchezaji aliyegusa jiwe kwa bahati mbaya hutakiwa kujitaja mwenyewe.

Erzurum inaingiaje humu? Ni mji wa mashariki ya Uturuki, ulio juu kiasi cha mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Palandöken, na baridi yake haina utani. Hata hivyo baridi peke yake haizai wachezaji wa kalingi. Huko wamekuwa wakiteleza kwenye theluji miaka mingi bila kujua jiwe la kalingi lina mpini wa namna gani. Kilicholeta mchezo ni Universiade ya Majira ya Baridi, michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia, ambayo Erzurum iliandaa Januari na Februari 2011. Mwenyeji alihitaji ukumbi wa kalingi, ukajengwa. Alihitaji pia timu, na timu ikatafutwa. Michezo ilipoisha, wageni waliondoka na ukumbi ukabaki. Dilşat Yıldız alikuwa na miaka 15 mwaka huo. Viwanja vya michezo mikubwa huachwa vikiota kutu sehemu nyingi duniani, na huu ungeweza kuwa mmojawapo. Badala yake ukawa shule ya mchezo kwa nchi nzima, na 2017 mji uliandaa tena tamasha la Olimpiki la vijana wa Ulaya.

Ukitaka kuelewa kazi ya mchezaji kama huyu, usianze kwa kuhesabu medali. Anza kwa kuuliza nchi yake iko daraja gani. Kalingi ya kimataifa, tofauti na tenisi ambako mtu anapanda na raketi yake mwenyewe, inakwenda kwa ngazi za nchi. Vijana wana mashindano yao kabla ya kufika miaka 21. Wanafunzi wana michezo yao ya vyuo vikuu. Kwa wakubwa, Ulaya ina ubingwa wake wenye madaraja ya A, B na C, na wanaofanya vizuri daraja la juu ndio wanaopata tiketi ya ubingwa wa dunia. Nchi zisizo za Ulaya hupitia mashindano ya mabara mengine yaliyoanzishwa 2022, huko ndiko Kenya na Nigeria zinakohesabiwa. Kwa shirikisho la dunia, Uturuki ni Ulaya, na hilo si jambo dogo: maana yake njia ya Yıldız kwenda duniani inapita katikati ya Uswisi, Uswidi, Uskoti, Italia na Norwe, nchi ambazo watoto hukuta mawe ya babu zao klabuni.

Kwa hiyo miaka mingi ya mwanzo ya mchezaji wa Uturuki ilikuwa ya kupandisha nchi daraja, kazi isiyopigwa picha. Unashinda daraja la B na karibu hakuna anayejua nyumbani. Unapanda A, unapigwa na Waswisi, lengo linakuwa kutoshuka. Ukibaki, mwaka unaofuata unapigwa kwa tofauti ndogo zaidi. Mimi nadhani hapa ndipo wasifu wa wachezaji wa nchi changa unaposomwa vibaya: watu wanaona orodha ya nafasi za saba na za tisa na kusema mbona hajashinda kitu, wakati kila nafasi ya saba ilikuwa inaifungulia nchi mlango wa mwaka unaofuata.

Mlango mkubwa ulifunguka 2023. Uturuki ilicheza ubingwa wa dunia wa wanawake kwa mara ya kwanza, mjini Sandviken, Uswidi, Yıldız akiwa skipu. Mwaka huohuo wanaume nao walicheza wa kwanza wao mjini Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Uğurcan Karagöz. Ubingwa wa dunia una timu 13 na kila timu inacheza na zote, maana yake mechi 12 ndani ya takriban siku saba kabla hata ya hatua ya mtoano, na sita za juu tu ndizo zinazoendelea. Wanawake wa Uturuki walirudi tena 2024 huko Sydney, ile ya Nova Scotia nchini Kanada na si ya Australia, kisha 2025 huko Uijeongbu, Korea Kusini. Mara tatu mfululizo, kwa nchi ambayo miaka 15 nyuma haikuwa na mchezo huu wa kuutaja.

Yıldız na Karagöz wamecheza pamoja pia aina ya wawili, mwanamume na mwanamke, iliyoingia Olimpiki 2018. Huko hesabu inageuka. Raundi ni 8, kila timu inatupa mawe 5, na jiwe moja la kila upande huwekwa kabla ya raundi kuanza. Ule ujanja wa kuacha nyumba tupu ili ubaki na nyundo haufanyi kazi, kwani raundi ikiisha bila pointi nyundo inakwenda kwa mpinzani. Skipu aliyezoea mchezo wa wanne inabidi aisahau nusu ya silika yake. Tena hakuna nafasi ya kusimama tu kwenye nyumba: mara nyingi aliyeachia jiwe anainuka na kulikimbilia mwenyewe na ufagio.

Olimpiki yenyewe bado. Uturuki haijawahi kucheza kalingi ya Olimpiki, si Beijing 2022 wala Milano-Cortina 2026. Kwa wanawake nafasi ni 10 tu. Nyingi hugawiwa kwa pointi za ubingwa wa dunia wa misimu miwili iliyotangulia, mwenyeji anapewa yake, na zilizobaki hugombewa kwenye mashindano ya mwisho ya kufuzu. Kuelekea Beijing, Erzurum ilikuwa mwenyeji wa hatua ya awali ya mchujo huo, Oktoba 2021, na wanawake wa Uturuki wakavuka. Desemba walikuwa Leeuwarden, Uholanzi, timu 9 zikigombea nafasi 3. Hawakuipata. Lakini tazama waliozipata: Uskoti, iliyokwenda kucheza kama Uingereza, Japani na Korea Kusini. Miezi miwili baadaye Uingereza ilichukua dhahabu ya Beijing na Japani ikachukua fedha. Yaani mashindano ambayo Uturuki ilikwama ndiyo yaliyokuwa na bingwa na mshindi wa pili wa Olimpiki ndani yake.

Skipu wa Uingereza siku hiyo alikuwa Eve Muirhead. Alikuwa na miaka 19 alipoongoza timu Vancouver 2010, akapata shaba Sochi 2014, akamaliza wa nne Pyeongchang 2018, na dhahabu ikaja akiwa na miaka 31. Anette Norberg wa Uswidi alitetea dhahabu yake ya 2006 huko Vancouver akiwa na miaka 43. Misuli ya kufagia inachoka mapema, lakini kichwa cha skipu kinaendelea kujaza barafu alizowahi kuzisoma, na katika mchezo huu mtu wa miaka 30 bado anahesabiwa kijana. Yıldız aliifikisha miaka hiyo 2026.