Ushindi wa pointi: jinsi Luigi Ganna alivyotwaa Giro ya kwanza

Siku hizi bingwa wa Giro d'Italia, mbio za baiskeli za kuzunguka Italia zenye hatua nyingi (kila hatua ni mbio za siku moja), hupatikana kwa muda: saa alizotumia katika hatua zote hujumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mwaka 1909, Giro ilipoanza, mambo hayakuwa hivyo. Kilichohesabiwa ni pointi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukimaliza hatua wa kwanza unaandikiwa pointi 1, wa pili 2, wa kumi 10. Mwishoni mwenye pointi chache ndiye bingwa. Ukimwacha mwenzako kwa upana wa tairi au kwa nusu saa nzima, ni yaleyale, mradi tu hakuna mtu kati yenu. Tour de France, mbio kama hizo za Ufaransa, ilikuwa imehamia mfumo wa pointi mwaka 1905, baada ya mashindano ya 1904 kuvurugwa na udanganyifu.

Luigi Ganna alikuwa fundi mwashi wa Induno Olona, karibu na Varese, na masika hayohayo alikuwa ameshinda mbio za siku moja za Milano–San Remo. Usiku wa tarehe 13 Mei, kabla hata ya saa tisa, waendeshaji 127 waliondoka Milano. Hatua zilikuwa 8 tu, lakini ya kwanza peke yake, hadi Bologna, ilikuwa na kilomita 397! Waliofika mwisho ni 49. Ganna alishinda hatua tatu akamaliza na pointi 25, Carlo Galetti 27, Giovanni Rossignoli 40.

Utata uko kwa huyo Rossignoli. Ukijumlisha muda, yeye ndiye aliyetumia saa chache kuliko Ganna. Lakini siku ambayo wengi wanafika karibu karibu, kuchelewa dakika chache kunaweza kukutupa nafasi nyingi nyuma, na kila nafasi ni pointi. Kusema Ganna alibebwa si haki, kwa maoni yangu. Wote walijua sheria kabla ya kupanda baiskeli, na anayewania nafasi hana sababu ya kujiua kwa ajili ya dakika.

Inasimuliwa kwamba alipoulizwa anajisikiaje baada ya ushindi, Ganna alijibu kwa lahaja ya kwao kuwa matako yanamwaka moto. Baadaye alifungua kiwanda cha baiskeli zenye jina lake. Giro yenyewe iliachana na pointi mwaka 1914, na mwaka 1951 Fiorenzo Magni aliishinda, kwa muda, akiwa juu ya baiskeli ya Ganna.