SGR na safari ya Dodoma, vitu tunavyodanganyana

"SGR imeua mabasi." Hii naisikia kila siku na kuna ukweli ndani yake, maana tangu treni hii mpya ya umeme ianze kutoka Dar kwenda Dodoma Julai 2024, kwa nauli ya shilingi 31,000 na masaa kama manne, nani anataka tena masaa nane barabarani, mara foleni Kibaha, mara mizani, mara trafiki kasimamisha? Lakini nenda Mbezi pale stendi ya mabasi ya Magufuli alfajiri uone watu. Wa Iringa, Mbeya, Songea hao treni hii haiwahusu. Hata wa Gairo na Kibaigwa, lami inapita mlangoni kwao ila reli yenyewe imezungukia Kilosa na Gulwe huko, sasa ashuke Dodoma halafu apande gari arudi nyuma?

Eti SGR maana yake treni ya spidi. Hapana jamani, ni upana tu wa reli, milimita 1,435, ile ya zamani ni 1,000. Mombasa–Nairobi upana ni huohuo tangu 2017 ila wanavutwa na dizeli na mwisho ni kilomita 120 kwa saa, sisi umeme unatupeleka mpaka 160.

Kuna wanaosema ndege ndo chap zaidi. Angani ni kama lisaa limoja, sawa, ila hesabu toka unafunga geti lako, foleni mpaka eapoti, kuwahi chek-in, kusubiri begi... ukiwa unakaa Kariakoo stesheni unaenda kwa mguu. Kwa Mwanza sibishani, basi linakula siku nzima, hapo ndege inashinda.

Na hili la kusema abiria ndo wanahamia reli sasa hivi, wanarudi tu bwana. Treni Morogoro ilifika 1907, Kigoma 1914, babu zetu Dodoma walienda kwa reli kabla ya hiyo lami.

Halafu "treni ni rahisi kama basi tu". Weee. Basi ukichelewa unalikimbilia, konda anapiga bodi, dereva anasimama. Mimi nilifika stesheni ya Moro jasho linanitoka, geti limeshafungwa, treni naiona kwa macho yangu inaondoka taratiibu bila kelele yoyote, 13,000 yangu ndani. Nikachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu nikapanda basi.