Kwa nini vijana hawa walistahili kutandikiwa kanga

Basi la bendi yetu ya shule lilipofika Mikindani likitokea Lindi na kombe la mashindano, kina mama walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara. Wakatandika kanga juu ya lami. Vijana 34 wakashuka na vyombo vyao, wakapita juu ya zile kanga wakipiga, na noti zikaanza kubandikwa kwenye vipaji vya nyuso kama harusini. Nimeshika tarumbeta zaidi ya miaka 20, na sasa nafundisha bendi za sekondari, lakini sijawahi kuona bendi ya shule ikituzwa namna ile. Machozi yalinitoka.

Tangu siku hiyo, kuanzia sokoni hadi Shangani, kila ninayekutana naye ananiambia, "Hongera mwalimu, vijana wana kipaji." Ahsanteni sana. Ila nataka mjue hasa walifanya nini kwenye mashindano pale Uwanja wa Ilulu, Lindi, kwa sababu walioketi jukwaani walisikia utamu tu, ugumu hawakuuona.

Katika kipande cha pili cha onyesho letu, bendi inavunja safu, inatawanyika uwanja mzima, inasimama na kupiga. Kutoka mpiga ngoma wa mwisho kule nyuma mpaka tarumbeta za mbele, karibu na jukwaa, ni mita 70. Katika joto letu sauti husafiri mita kama 350 kwa sekunde, kwa hiyo pigo la ngoma huwafikia watu wa mbele baada ya sekunde 0.2. Mnaweza kuona ni kidogo. Lakini mwendo wetu ni mapigo 120 kwa dakika, yaani kila pigo ni nusu sekunde. Hiyo 0.2 ni karibu nusu ya pigo! Sasa chukueni bendi ambayo ngoma kubwa iko mbele na tarumbeta ziko nyuma. Tarumbeta zinasikia ngoma zikiwa zimeshachelewa, zinapiga, kisha sauti yao nayo inachukua muda uleule kurudi jukwaani. Jumla sekunde 0.4. Majaji wanasikia bendi mbili zinazofukuzana. Niliwahi kuharibikiwa hivyo na bendi yangu ya kwanza, na sikujua sababu mpaka nilipokwenda kukaa jukwaani mwenyewe.

Dawa yake ni kuziweka ngoma nyuma kabisa. Wapiga ngoma peke yao ndio wanaotazama fimbo ya kiongozi. Wengine wote wanasikiliza ngoma zilizo migongoni mwao. Sauti inatoka nyuma, inaziokota tromboni njiani, inaziokota tarumbeta, na yote yanafika kwa msikilizaji kwa pamoja.

Kulieleza jambo hili ni rahisi, kulitenda ndiyo kazi. Mpiga tarumbeta wa mbele anaiona fimbo ikishuka hatua chache kutoka puani pake, mwili mzima unamwambia piga, naye anatakiwa asubiri ngoma imfikie. Tulikaa majuma sita kwenye hilo tu. Jioni, upepo wa kusi ukivuma, ilikuwa taabu zaidi, maana unaitawanya sauti ya ngoma. Kuna binti mmoja, tarumbeta ya kwanza, aliomba mwenyewe afungwe kitambaa machoni wakati wa mazoezi. Siku ya tatu alikivua akasema, "Mwalimu, sasa nazisikia mgongoni." Wenzake wakafuata. Pale Ilulu nilimtazama yeye. Fimbo ilishuka, akatulia, ngoma ikafika, akapiga. Hakuna mtu jukwaani aliyekiona kile kitulio.

Kuna na suala la kutuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo. Hewa iliyo ndani ya bomba ikipata joto, sauti ya chombo hupanda, na nyuzi joto 10 zinatosha kuipandisha karibu theluthi moja ya nusu toni. Ukituni asubuhi kivulini ukaingia uwanjani saa saba mchana, umeingia na vyombo vingine. Vijana wetu walisimama juani na vyombo vyao dakika 15, ndipo wakatuni. Watu waliwaonea huruma.

Na yule kijana wa ngoma ndogo, ambaye wengi mnamsifu kwa mikono yake, alikulia kijijini akisikia sindimba. Anajua tangu utotoni kwamba ngoma ya ngozi hupelekwa motoni ikazwe kabla ya kupigwa. Ngoma zetu za plastiki hukazwa kwa skrubu, lakini sikio linalosema "bado, kaza" ni lilelile. Alikuja nalo kutoka nyumbani. Mimi nilimpa vijiti tu.

Mzee mmoja pale Mikindani alinishika mkono akaniambia, "Hii ni beni, mwanangu." Alisema kweli. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga gwaride na bendi za wanajeshi, kila kundi na sare zake na vyeo vyake. Makundi ya Marini na Arinoti ndiyo yaliyovuma kuliko yote. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza, kwa kuwa askari na wapagazi walikwenda nayo. Na kusini hii vita vilipita kweli: Mahiwa, huko huko Lindi, Oktoba 1917, watu waliuawa na kujeruhiwa kwa maelfu. Beni ilikuwa ya kushindana tangu mwanzo. Kwa hiyo kombe la vijana hawa nimeliweka katika mstari huo mrefu, na najivunia kuona linakaa Mtwara.

Fedha za tuzo zilihesabiwa juu ya dawati, wanafunzi wote wakiwapo. Niliwauliza wanataka nini. Nilidhani watasema fulana au soda. Wakataka ngozi mbili za ngoma kubwa, mafuta ya vali (vile vibonyezo vya tarumbeta), na tarumbeta moja ya stoo itengenezwe, ile iliyoganda kwa chumvi ya bahari. Jumatatu jioni niliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nikaipa mafuta, nikaacha, nikarudia. Watoto wa kidato cha kwanza walikaa wakinizunguka. Vali ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka. Ya tatu ilitoka adhana ya magharibi ikilia, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, akauliza kama anaweza kuwa wa kwanza kuipuliza.