Mkandarasi, bima yako inaijua kazi unayoifanya?

Malalamiko ya wakandarasi waliokataliwa madai yao yamekuwa mengi mezani kwetu, na karibu yote yanaanza kwa maneno yaleyale: "Lakini nilikuwa na bima." Ni kweli, alikuwa nayo. Ada alilipa kwa wakati, cheti kimebandikwa ukutani. Ila kwenye hati ameandikwa fundi rangi, na siku ya ajali alikuwa juu ya paa na mtungi wa gesi, akiyeyusha lami ya kuzuia maji.

Bima ya mkandarasi hufuata kazi iliyoelezwa kwenye hati. Haifuati jina la kampuni wala miaka ya uzoefu. Ile sehemu ya fomu inayouliza shughuli za mwombaji, ambayo wengi humwachia wakala aijaze wakiwa wameshasaini, ndiyo roho ya mkataba wote. Kampuni ya bima hupanga ada kwa kuangalia hatari: urefu wa jengo, kina cha uchimbaji, matumizi ya moto, idadi ya watu na mishahara yao. Ukibadilisha kazi, taarifa itolewe kwa maandishi kabla ya kuianza, na usubiri kiambatisho kilichosainiwa, yaani karatasi ya kampuni ya bima inayobadilisha hati yako. Kumwambia wakala kwa simu si taarifa. Ujumbe wa sauti nao si taarifa. Tumelisema hili mara nyingi na tutaendelea kulisema.

Kwa mkandarasi mkuu, bima ya msingi ni ile ya hatari zote za ujenzi. Si kitu kipya: hati inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa mwaka 1929 kwa ujenzi wa daraja la Lambeth mjini London. Hubeba kazi yenyewe inapoendelea, vifaa vilivyoletwa eneo la ujenzi, na kwa kawaida huwa na sehemu ya pili ya madhara kwa watu wengine. Mitambo kama kreni na ekskaveta huingia pale tu ilipoorodheshwa. Neno "hatari zote" limewapoteza wengi. Hati hiyohiyo ina kurasa za vitu isivyovilipia: uchakavu, faini za kuchelewa kukabidhi, na gharama ya kurekebisha kazi iliyofanywa vibaya tangu mwanzo.

Kiasi cha bima kiwe thamani kamili ya mradi, pamoja na vifaa anavyonunua mwenye jengo mwenyewe. Hapa ndipo watu hujipunguzia ada na kujipunguzia fidia. Chukua kazi yenye thamani ya milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60. Ukuta ukianguka na hasara ikawa milioni 20, usidhani utalipwa 20 kwa kuwa 20 ni ndogo kuliko 60. Hati nyingi zina sharti la uwiano: umekata asilimia 60 ya thamani, utalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12. Kisha kinaondolewa kiwango unachobeba mwenyewe. Kinachobaki ndicho chako, na barua ya rufaa haibadilishi hesabu hiyo.

Tena bima hii huisha kazi inapokabidhiwa. Mwenye jengo akianza kutumia ghorofa ya chini huku ninyi mkiendelea juu, katika hati nyingi ulinzi wa ghorofa ile ya chini umeshakoma siku aliyoingiza fanicha. Katika kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, hubaki ulinzi mwembamba, hasa wa uharibifu mnaousababisha mnaporudi kurekebisha kasoro.

Fundi bomba na fundi umeme wanaoingia kwenye jengo la mtu kwa kazi ya siku mbili wanahitaji zaidi bima ya dhima kwa watu wengine, ile inayolipa madhara unayomsababishia mtu mwingine au mali yake. Nitoe mfano mmoja. Fundi anabadilisha valvu ghorofa ya tatu Ijumaa jioni. Anafungua maji, anapangusa kiungio kwa kitambaa, anaona ni kikavu, anaondoka. Usiku presha inapanda na kiungio kinaanza kudondosha, tone kwa tone, hadi Jumatatu. Dari la ofisi ya chini limeshuka juu ya kompyuta. Bima hulipa dari na kompyuta. Hailipi kiungio wala ujira wa kukifunga upya, kwa sababu hiyo ni kazi yake mwenyewe aliyopaswa kuifanya vizuri. Kila fundi anayesikia hivyo huona ameonewa, na kila mara ninaeleza tena kwamba bima ya dhima haikuwekwa ili kudhamini ubora wa kazi ya mtu.

Kwa umeme kuna jambo la ziada. Waya uliobanwa vibaya unaweza kukaa miezi kabla ya kuwaka, na wakati huo fundi alishalipwa na kusahau. Uliza kama hati yako inabeba madhara yanayotokea baada ya kazi kukamilika. Zipo zisizobeba.

Wanaotumia moto, yaani wachomeleaji, mafundi wa paa za lami na wakataji chuma, wana masharti yao, na masharti haya hayana huruma. Vinavyoshika moto viondolewe au vifunikwe, kizimamoto kiwe karibu na kifanye kazi, na baada ya kuzima mtu abaki akiangalia kwa muda uliotajwa kwenye hati, mara nyingi saa 1. Moto wa paa hauanzi kwa kishindo. Cheche huingia kwenye mwanya wa ubao, inalala kwenye vumbi la mbao, inafuka kimya, na inaamka wakati mafundi wameshavua buti. Mkadiria hasara akifika, swali lake la kwanza ni nani alibaki na aliondoka saa ngapi. Kama hakuna daftari lenye jina na saa, kuna uwezekano mkubwa dai likafa palepale.

Wachimbaji na wavunjaji wa majengo wasome kifungu kinachohusu kuondoa egemeo. Ukichimba msingi kando ya ukuta wa jirani na ukuta ukapasuka, hati nyingi za kawaida hazilipi mpaka ulinzi huo uongezwe kwa ada ya ziada. Piga picha za nyufa za jirani kabla hujagusa ardhi, awepo yeye mwenyewe. Nyaya na mabomba ya chini nayo yana sharti lake: uwe umetafuta ramani kwa wenye nayo kabla ya kuanza kuchimba.

Anayechora na kujenga kwa pamoja ana hatari ya aina nyingine, maana kosa la mchoro si ajali ya eneo la ujenzi. Linahitaji bima ya dhima ya kitaaluma, na hii kwa kawaida huangalia siku dai lilipoletwa, si siku mchoro ulipochorwa. Ukiacha kuilipia baada ya kufunga ofisi, mchoro wa miaka mitano iliyopita umebaki uchi. Ufaransa walilitungia sheria mwaka 1978: wajenzi wanawajibika kwa miaka 10 kwa kasoro kubwa za jengo, na bima ya wajibu huo ni ya lazima. Hata pasipo na lazima ya namna hiyo, jengo litaendelea kusimama muda mrefu kuliko hati yako ya mwaka mmoja.

Kuhusu wafanyakazi, naomba tuelewane. "Huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua" si utetezi. Kama unampangia kazi, unampa vifaa na unamlipa kwa siku, kuna uwezekano mkubwa sheria na kampuni ya bima wote watamhesabu kuwa wako, hata kama mmeandikiana karatasi inayosema vinginevyo. Bima ya dhima kwa watu wengine haimgusi. Anahitaji bima ya fidia kwa wafanyakazi, na mshahara wake uingizwe kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka. Ukiuficha, ukaguzi ukiubaini utadaiwa tofauti ya ada, na udanganyifu ukithibitika hati inaweza kufutwa kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Mkandarasi mkuu anayepokea cheti cha mkandarasi mdogo asiishie kukiweka kwenye faili. Angalia jina, aina ya kazi, tarehe, na kikomo cha fidia. Kisha wasiliana na kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyochapwa kwenye cheti. Na kushika nakala ya cheti hakukufanyi uwe miongoni mwa waliokatiwa bima. Hilo hufanywa kwa kiambatisho kinachokutaja.

Dhamana ya utekelezaji wa mkataba nayo si bima yako. Inamlinda mwenye mradi, na aliyeitoa akishalipa atakurudia wewe akudai chote.

Ajali ikitokea, zuia hasara isiongezeke, toa taarifa ya maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye hati, na usimwahidi mtu yeyote kwamba utamlipa, wala usikiri kosa. Polisi waitwe kwa wizi au majeruhi. Kifusi kisiondolewe kabla mkadiria hasara hajakiona, isipokuwa kinahatarisha watu. Hapo piga picha kwanza, karibu na kwa mbali, na utunze vipande vilivyovunjika. Kile kiungio cha valvu nacho kitunze. Mwezi uliopita fundi mmoja alituletea malalamiko ya kurasa sita, na kiungio alikuwa amekitupa.